Asikilizaye na Aamuaye: Nafasi ya Afisa wa Mashauri ya Parole

Nchini Marekani, mfungwa aliyeachiwa kwa parole, yaani kwa masharti kabla ya kifungo chake kwisha, akituhumiwa kuvunja masharti hayo anaweza kurudishwa gerezani kumalizia miaka iliyobaki bila kuonana na hakimu. Katika majimbo kadhaa anayemsikiliza ni afisa wa mamlaka ya parole, ambaye si lazima awe mwanasheria, na mara nyingi shauri lenyewe husikilizwa katika chumba cha kawaida ndani ya jela ya kaunti, mezani pakiwa na jalada na karatasi ya tuhuma. Hakuna joho wala jopo la raia. Ninachotaka kupima hapa ni kama kazi hii, ambayo kwayo mtu huweza kupoteza uhuru wake kwa miaka, inafaa kubaki mikononi mwa afisa huyo au ihamishiwe mahakamani.

Kazi hii kwa sura iliyo nayo leo ilichongwa na hukumu ya mwaka 1972 katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer. Morrissey alikuwa amefungwa katika jimbo la Iowa kwa kosa la hundi za uongo, akaachiwa kwa parole mwaka 1968, na miezi michache baadaye akakamatwa. Afisa aliyemsimamia aliandika kwamba amenunua gari kwa jina la bandia, amewadanganya polisi kuhusu anwani yake, na hakutoa taarifa ya mahali anapoishi. Bodi ya parole ya jimbo iliisoma ripoti hiyo ikamrudisha gerezani bila kikao chochote cha kumsikiliza. Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Warren Burger, ikasema kuwa uhuru wa aliyeachiwa, hata ukiwa na masharti, unalindwa na katiba na haufutwi pasipo utaratibu wa haki. Ikataka vikao viwili: cha awali, kifanyike mapema na karibu na mahali mtu alipokamatwa, ili ionekane kama kuna sababu ya kuaminika ya kumshikilia, na cha mwisho, ambacho kwacho muda wa miezi 2 ulitajwa kuwa si mrefu kupita kiasi. Ikataka pia mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi, ajieleze na kuleta mashahidi, awahoji wanaomshuhudia vibaya isipokuwa pawepo sababu ya msingi ya kulizuia hilo, asikilizwe na chombo kisichoegemea upande, na mwishowe apewe maelezo ya maandishi ya sababu za uamuzi. Lakini ikaongeza, na hapa ndipo ubishi ulipopandwa, kwamba wasikilizaji si lazima wawe majaji wala wanasheria.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Shauri la parole hubeba maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni kama sharti lilivunjwa, nalo ni swali la jambo lililokwisha kutokea. La pili ni kama aliyelivunja arudishwe gerezani, na hilo ni kukadiria mwenendo wa siku zijazo, kazi inayodai kuwajua watu kuliko kuzijua sheria. Aliyekutwa na dawa za kulevya katika mkojo wake mara moja, baada ya mwaka mzima wa kazi isiyokatika, hawezi kuwekwa fungu moja na aliyekata bangili ya kielektroniki inayofuatilia alipo akatoweka, ingawa kwenye karatasi wote wawili wamevunja masharti. Afisa aliyesikiliza mashauri ya namna hii kwa miaka hujifunza kuiona tofauti hiyo upesi. Kisha kuna suala la muda. Mtuhumiwa mara nyingi hukaa ndani akisubiri, na kila wiki inayopita huweza kumgharimu kazi na nyumba aliyoipata kwa taabu. Afisa anayemfuata jela anaweza kulimaliza shauri asubuhi moja. Tena kikao chake hakina istilahi za kumtisha mtu. Mtuhumiwa hujieleza kwa maneno yake, na ndugu au mwajiri wake akaongeza alichonacho. Wepesi huo una thamani kwa wasio na wakili, na kuna wasio naye, kwa sababu mwaka 1973, katika kesi ya Gagnon dhidi ya Scarpelli, Mahakama ya Juu ilikataa kumpa kila mtuhumiwa haki ya wakili wa kulipiwa na serikali, ikaacha jambo hilo liamuliwe shauri kwa shauri.

Wepesi huohuo ndio unaowatia wapinzani wasiwasi. Majimbo mengi huridhika ikionekana tu kwamba tuhuma ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kuwa uongo. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuachiwa huru na mahakama ya jinai kwa kuwa shaka imebaki, kisha akarudishwa gerezani kwa tukio lilelile kwa njia ya parole. Mwaka 1998, katika kesi ya Scott iliyotoka Pennsylvania, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kanuni inayokataza kutumia ushahidi uliopatikana kwa upekuzi uliokiuka katiba haivihusu vikao hivi. Na hata suala la kutoegemea upande lilifunguliwa mlango mpana mno: hukumu ya 1972 iliruhusu kikao cha awali kisikilizwe na afisa mwingine wa parole, mradi si yule aliyeandika ripoti. Mtu anayefanya kazi ofisi moja na mshtaki anaweza kuwa mwadilifu kabisa, ila anayeshtakiwa mbele yake ana kila haki ya kujiuliza.

Pagumu kuliko pote, kwa maoni yangu, ni pale shahidi asipotokea. Tuchukue mfano wa mwanamume anayetuhumiwa kumpiga mwenzi wake. Mwanamke hayupo. Yupo polisi, naye anayasoma maelezo aliyoyaandika usiku wa tukio; mtuhumiwa anasema mwenzi wake aliteleza ngazini. Afisa hapo analazimika kuamua kama ipo sababu ya msingi ya kuyapokea maneno ya mtu asiyeweza kuhojiwa. Huenda mwanamke amekaa nyumbani kwa hofu, na kumlazimisha aje ni kumweka hatarini. Huenda pia hakuja kwa kuwa alichosema usiku ule alikisema kwa hasira, au kwa kuwa hakuna aliyehangaika kumfikishia wito. Afisa makini atauliza wito ulipelekwa lini na nani, hofu hiyo imetajwa na mwanamke mwenyewe au imekisiwa na msimamizi, na kama kuna kitu nje ya maneno yake, mathalani picha za majeraha au karatasi ya hospitali, kinachoyatilia nguvu. Afisa mzembe ataandika mstari mmoja kwamba shahidi anaogopa, kisha ataendelea. Sheria ni moja, lakini mtuhumiwa wa afisa huyu na wa yule hawakupata haki moja.

Je, jaji angefanya vizuri zaidi? California ilijibu kwa vitendo: kuanzia tarehe 1 Julai 2013 mashauri mengi ya kufuta parole yalihamishiwa mahakamani. Anayeamua pale hana uhusiano na mamlaka ya parole, na hiyo ni faida isiyobishaniwa. Hata hivyo joho halimkingi mtu na udhaifu wa kibinadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu bodi za parole za Israeli, ambazo huongozwa na majaji, ulionyesha maamuzi ya kuwapendelea wafungwa yakishuka kutoka takriban asilimia 65 mwanzoni mwa kila kipindi cha kazi hadi karibu sifuri mwishoni, kisha yakipanda tena baada ya mapumziko ya chakula. (Wanaopenda kuutaja huwa wanasahau kwamba watafiti wengine waliupinga mwaka uleule, wakieleza kuwa wafungwa wasio na mawakili ndio waliokuwa wakiwekwa mwishoni mwa kipindi.) New York ilifuata njia nyingine. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2021 haikuwaondoa wasikilizaji wa kiutawala. Iliwapandishia kiwango cha uthibitisho, ikawapa mahakimu suala la kama mtuhumiwa akae ndani akisubiri, na ikaweka kikomo cha siku 30 gerezani kwa ukiukaji wa masharti usio kosa jipya la jinai. Mimi naiona njia hii kuwa na busara zaidi, kwa sababu inapunguza uzito wa kosa ambalo afisa anaweza kulifanya, badala ya kudhani kuwa mtu wa cheo kingine hatalifanya.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko suala la cheo hutajwa mara chache. Katika jimbo la Texas afisa husikiliza shauri, huamua kama tuhuma imethibitika, huandika ripoti na kupendekeza hatua, lakini hatima ya mtuhumiwa hupigiwa kura na jopo la watu watatu wa bodi ambalo halikuwamo chumbani. Utetezi wake unaeleweka: watatu ni vigumu kupotoka pamoja, na jopo linaloona mashauri ya maafisa wengi linaweza kuzuia afisa mmoja asiwe mkali na mwingine mpole kupita kiasi. Lakini mambo yaliyofanya kikao cha ana kwa ana kidaiwe mwaka 1972 hayasafiri vizuri ndani ya ripoti. Iwapo mgawanyo huo utabaki, basi maelezo ya maandishi hayawezi kuwa fomu ya kutia alama kwenye visanduku wala sentensi kwamba ushahidi wote umezingatiwa. Yanapaswa kusema ni ushahidi upi uliokubaliwa na upi uliokataliwa, shahidi asiyekuja alitafutwa vipi, na kwa nini tiba au masharti makali zaidi hayakutosha. Aliyemwona shahidi akisita kabla ya kujibu ni afisa peke yake, na asipoliandika hilo, jopo litampigia kura mtu lisiyewahi kumsikia, kwa kutegemea ripoti, kama bodi ya Iowa ilivyofanya kwa Morrissey.