Mtoto anapigwa, mnunuzi anaamkiwa

Vijana wenye mapanga wakivamia mtaa hapa Mwanza, kinachofuata tunakijua. Mwenyekiti anaitisha mkutano wa dharura. Vijana wa ulinzi shirikishi wanapewa filimbi na virungu, kila kaya inatangaziwa mchango wake, polisi wanapita vijiweni na difenda. Watoto wanazolewa, wenye makosa na wasio na makosa, wengine wamekutwa tu wamezunguka meza ya puli. Mtaa unalala salama mwezi mmoja, miwili. Halafu linaibuka kundi jingine, na safari hii waliomo ni wadogo kuliko wale wa kwanza.

Sina ugomvi na ulinzi shirikishi. Mchango natoa, na usiku nikisikia filimbi kule juu kwenye mawe moyo unatulia. Nina neno na sisi watu wazima. Katika mikutano yote hiyo tunamjadili mtoto: kazaliwa na nani, anavuta nini, analala wapi, baba yake kapotelea wapi. Anayemlipa hatumjadili. Na watoto hawa wana anayewalipa, tena karibu kila asubuhi.

Mtoto wa miaka kumi na tano ataifanyia nini simu ya nane? Anachotaka ni hela. Simu aliyomnyang'anya dada anayerudi kazini saa mbili usiku, kesho yake kabla ya saa nne iko mikononi mwa mtu mzima, ameshaitoa laini, ameshaifuta, anaitafutia kava. Simu ya laki tatu, mtoto kaondoka na elfu ishirini. Jioni hiyo elfu ishirini imekwishia kwenye chipsi, bangi na lile dubwi la kamari linalomeza sarafu za mia mbili kwenye vibanda vyetu, na usiku inabidi arudi barabarani. Panga kalishika yeye. Faida kubwa kaichukua mwingine, aliyelala kwake usiku kucha.

Hili halijaanza Mwanza wala haliishii hapa. Dar es Salaam walikuwa na Mbwa Mwitu, wakaja Panya Road. Musoma, kwenye ziwa letu hilihili, palikuwa na Mbio za Vijiti. Kundi likishapata jina, hofu inakua kuliko kundi lenyewe. Januari 2015 uvumi tu kwamba Panya Road wanakuja ulitosha kufunga maduka na kukimbiza watu kwenye mitaa mingi ya Dar jioni moja. Septemba 2022 kundi lilipozuka tena, polisi wa Dar es Salaam walitangaza kuwa watuhumiwa sita wameuawa. Watu wengi walishangilia, na mimi naielewa hasira ya mtu aliyekatwa panga au kufiwa. Lakini jiulize bidhaa walizopora zilikwenda wapi. Simu, runinga, mitungi ya gesi: vyote vilinunuliwa na mtu mwenye akili timamu, aliyeuliza bei na hakuuliza kingine.

Nyumbani kwetu iling'olewa dira ya maji. Tumeamka maji yanatiririka mpaka barabarani, bomba limekatwa, na majirani wote wanawajua watoto waliofanya hivyo. Tukaenda na mjumbe mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, si mbali na barabara ya lami. Mizani ilikuwa inaning'inia kwenye tawi la mwembe. Chini yake kulikuwa na sufuria zilizopondwa, rimu za baiskeli, nyaya zilizochunwa maganda, na ndani ya ndoo ya plastiki dira za maji tatu, vioo vimevunjwa, namba zimekwanguliwa. Mjumbe akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia, akatukaribisha kwenye benchi, akasema vitu huletwa na watoto, hawezi kumhoji kila mmoja kavitoa wapi. Mjumbe akamshukuru kwa muda wake, tukaondoka.

Mchana wa siku hiyohiyo mmoja wa wale watoto alikamatwa karibu na gulio. Ana miaka kumi na mitatu. Alifungwa kamba mikono kwa nyuma, akapigwa mpaka akazimia, na kama mwalimu mmoja asingepita pale na kumfunika kwa mwili wake, leo tungekuwa tunasimulia msiba. Mizani ya mzee haikuguswa na mtu.

Kwenye mkutano uliofuata mama wa yule mtoto alisimama. Alikuwa na khanga moja tu begani na hakupaza sauti. "Mwenyekiti, mwanangu nimempiga mimi, mmempiga ninyi, na polisi wamempiga. Aliyenunua hizo dira, nani kampiga?" Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa, akahamia kwenye agenda ya michango.

Simtakii mzee yule fimbo hata moja. Kuvishana tairi na kuchomana moto ni mauaji, hata magazeti yakiandika kwamba waliofanya hivyo ni wananchi wenye hasira kali, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo kwenye ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Nilichotaka ni kidogo sana: aitwe mbele ya mkutano, aulizwe dira tatu zilifikaje kwenye ndoo yake, na majibu yake yaandikwe. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na kila sababu ya kujua, ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu. Polisi wanalijua hilo. Sisi pia tunalijua, ila mnunuzi ni mtu wetu: anachangia ujenzi wa nyumba ya ibada, anakopesha wakati wa msiba, watoto wake wanasoma na wa kwetu.

Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walilishughulikia jambo hili kwa namna nyingine. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Nzega, shida ilikuwa wizi wa ng'ombe, na wezi wengi walikuwa vijana. Mwano, yaani ukelele wa kuita msaada, ukipigwa, wanaume walitoka na kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha jirani, kijiji hicho kilitakiwa kuendelea nazo na kuonyesha zimetokea wapi. Zikipotelea hapo, wenyeji ndio waliobanwa. Kwa hiyo kesi haikuishia kwa kijana aliyewaswaga ng'ombe usiku. Ilifika mpaka kwenye zizi walikokutwa na kwa mwenye zizi. Adhabu nzito ilikuwa faini na kutengwa: huamkiwi, hupewi moto, ukifiwa unachimba kaburi na ndugu zako peke yenu. Mwaka 1989 Bunge lilibadilisha sheria za mgambo na kuwatambua rasmi.

Nasema haya nikijua kwamba sungusungu walifanya pia mambo ya kutisha. Walitesa watu, na wapo vikongwe waliokufa kwa tuhuma za uchawi. Hayo yasirudi kamwe. Ninachokitaka kutoka kwao ni zile nyayo. Mali ikiibwa leo, sisi tunamfuata mkimbiaji na kuiacha mali iende zake.

Ukitaka kuona inavyoanza, amka alfajiri uende mwalo wowote wa dagaa, uwe wa Ilemela, Magu au Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mitumbwi inarudi kukipambazuka, na watoto wako pale kabla yake. Wamebeba makopo ya rangi. Kazi yao ya kwanza ni kuokota wanaodondoka mchangani wakati mabeseni yanashushwa, na hakuna anayewakataza, maana ni riziki ya ndege na ya maskini. Nimemtazama mmoja, hana hata miaka kumi na moja, kopo lake limefika nusu. Beseni likapita limebebwa kichwani na mtu mwenye haraka, mkono wa mtoto ukaingia na kutoka, kopo likajaa. Akatembea taratibu mpaka kwa mama mmoja aliyekaa na turubai lake pembeni. Mama akamimina dagaa kwenye sado, akatoa noti, bei chini ya nusu ya ile ya mnada. Hawakusemeshana. Ilionekana wazi kwamba hawakuanza siku hiyo.

Yule mama si jambazi. Ana watoto wa kulisha, kama walivyo wengi wa ufukweni ambao kipato kimeyumba tangu sangara walipopungua. Nyavu haramu zilizochomwa kwenye Operesheni Sangara mwaka 2018 zilistahili kuchomwa ili ziwa lipone, lakini nyumba nyingi zilikosa hela ya mboga na hakukuwa na aliyezijazia pengo. Hata hivyo mtoto amejifunza kitu asubuhi ile: cha kuiba kina soko, na soko ni watu wazima wanaomwita mwanangu. Miaka minne mbele kopo litakuwa simu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka kumi na minne, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Inasema pia kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane hahukumiwi kifungo jela. Ana mahakama yake ya watoto, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuichunguza familia yake na kuiandikia mahakama. Shule ya maadilisho ni moja, Irambo, huko Mbeya, upande mwingine kabisa wa nchi. Maana yake mtoto wa Mwanza aliyekosea atarekebishwa hapahapa Mwanza au hatarekebishwa. Ile asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vijana haimfikii, kwa sababu inaanzia miaka kumi na minane. Ni umri huo katikati, kati ya kumi na moja na kumi na saba, ambao mwenye mpango nao ni mnunuzi peke yake.

Kwa hiyo naomba tuanze na mnunuzi. Wauza simu zilizotumika wote mtaani tunawajua kwa majina. Wasinunue simu bila muuzaji kuacha nakala ya kitambulisho na namba yake. Wewe mnunuaji wa mwisho, kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, upate namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI) na kuilinganisha na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone kama inalingana na aina ya simu unayouziwa. Ukiibiwa, katoe taarifa polisi na uidai kampuni ya laini yako iifunge simu yenyewe, usiishie kurudisha laini tu, maana simu iliyofungwa haina bei nzuri. Wanunuzi wa vyuma wawe na daftari: jina, namba, kitu, kilo. Aliye chini ya miaka kumi na minane asipimiwe mfuniko wa chemba wala dira ya maji, hata akija analia. Daftari likaguliwe na mkaguzi wa polisi wa kata, ambaye tayari yupo, na mwenyekiti asaini. Wenyeviti hawa tumewachagua Novemba 2024. Hawahitaji waraka kutoka Dodoma kufanya hivyo.

Najua nitakachojibiwa: tukimbana mnunuzi wa mtaani kwetu, watoto watapeleka mtaa wa pili. Watapeleka. Basi na mtaa wa pili wafanye hivyohivyo, kama vijiji vilivyokuwa vikipokezana nyayo. Kila hatua wanayoongezewa inaipunguzia bei mali yao, na mtoto asiyelipwa vizuri kwa simu ya wizi ana sababu moja zaidi ya kumsikiliza mwalimu.

Yule wa dira hajarudi shule. Mkuu wa shule yuko tayari kumpokea, ila mtoto anaona aibu kwa kovu la kichwani, na sare hana. Mchango wa ulinzi wa mwezi mmoja, tukitoa sehemu yake, unatosha sare, viatu na madaftari yake na ya wenzake wawili. Nimemwandikia mwenyekiti kuomba hivyo, na katika barua hiyohiyo nimeomba mzee wa vyuma aitwe kwenye mkutano ujao, aje na daftari, na kama hana daftari aeleze ni kwa nini.