Heko Sizitaki, Nisomeni Tu

Wiki jana nilimtumia bwana mmoja skripti yangu ya filamu kwa WhatsApp. Si mgeni wa mambo haya. Ana kamera, ana kampuni, kwenye hafla hukaa viti vya mbele. Faili ina kurasa tisini na kitu. Chai yangu haijapoa, jibu hilo: "Kazi safi sana dadangu, usikate tamaa," na mioto mitatu mwishoni. Mnaoandika mnaijua hesabu yetu, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Bwana huyu filamu ya saa moja na nusu kaimaliza kabla ya chai kupoa. Mashallah. Na tamaa, nani kamwambia nimekata?

Mombasa hatukosi watu wa kututia moyo. Mimi nimetiwa moyo mpaka umefurika. Ukienda warsha unatiwa moyo, unapewa soda na sambusa, mnapigwa picha ya pamoja, unarudi na cheti na ahadi ya "tutawasiliana". Hutapata hata mmoja wa kukwambia kuwa kuanzia ukurasa wa kumi na mbili hadithi yako imelala. Watu wanaona kukosoa ni kukosa adabu. Basi wanakusifu, wewe unashukuru, na skripti inabaki vile vile ilivyokuwa, na kasoro zake zote.

Kilichonifaa mimi ni mtu mmoja mkorofi. Jina simtaji, mwenyewe hapendi. Mchana kutwa yuko bandarini na makaratasi ya kutoa makontena, nampata jioni. Tunakaa Lighthouse, pale kando ya bahari, muhogo wa kukaanga katikati yetu, ndimu na pilipili, kurasa zangu mapajani mwake (hakuna hata moja isiyo na alama ya mafuta). Husoma kwa sauti, na waigizaji wote ni yeye, wa kike kwa wa kiume. Wapita njia washatuzoea.

Siku moja alifika kwenye onyesho la jikoni, Kibokoni, usiku. Mama amesikia kwa watu kwamba bintiye aliye Jeddah hajalipwa mshahara kwa miezi, na kumbe kila akipiga simu humwambia mambo ni sawa. Mama yule nilikuwa nimempa maneno nusu ukurasa: mwanangu, moyo wangu umepasuka, kwa nini ukanificha, na kadhalika. Mwenzangu akasoma. Akanyamaza. Akatafuna.

"Mamako mwenyewe huongea hivi?"

"La."

"Akiwa na uchungu hufanya nini?"

"Huosha sufuria. Hata zilizo safi."

Akachukua kalamu, nusu ukurasa yote ikapigwa mstari. Pembeni akaandika: Mama anaosha sufuria safi. Simu inalia. Anafuta mikono kwenye leso. "Umekula?"

Nilimnunia mpaka tulipoagana. Lakini niambieni, ni mioto mingapi ya WhatsApp ingenipa sufuria ile?

Halafu nasikia watu wakisema kuandika ni kazi ya upweke, kana kwamba ni sunna. Kwa nani? Katika mji huu huu mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, hakutunga ili apigiwe makofi. Alilumbana. Washairi wa Lamu walitunga, naye akawajibu, na ukijua kuwa kuna mtu anakusubiri na beti zake, hupeleki ubeti uliolegea. Na tungo zake tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kumpa mmishonari Taylor. Hata Muyaka alihitaji mwenzake, tena akiwa kaburini. Ukitaka mfano wa Hollywood, Billy Wilder, mwandishi na mwongozaji wa filamu, alishinda Oscar 3 za uandishi, na zote aligawana na wenzake. Sisi ambao hata Kalasha, tuzo za filamu za hapa Kenya, hatujanusa ndio tunaandika kwa kujifungia kama tunaopiga ramli.

Najua jibu lenu: "Wataniiba." Haya, shingo upande, nakubali, wezi wapo. Lakini sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 hailindi wazo lililo kichwani, inalinda ulichoandika. Basi andika, sajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kisha umpe mtu asome. Na mkiandika wawili, kaeni chini mapema muandikiane: jina la nani litangulie, pesa zitagawanywaje, mmoja akichoka itakuwaje. Hakimiliki ya kazi ya pamoja hudumu miaka 50 baada ya kufa yule wa mwisho wenu. Msipoandikiana, hiyo ni nafasi ya kutosha kwa wajukuu kupelekana mahakamani.

Nairobi ndiko kwenye pesa, sibishi. Ila Nairobi ikimwandika mtu wa Pwani, anatoka jini, mganga, ama kijana wa ufuoni anayeanza kila sentensi na "yakhe". Wa kumkosoa mwandishi wa hivyo ni mtu anayepanda matatu ya Kisauni kila siku. Tafuta wako. Si lazima awe na kampuni, wala si lazima awe mwandishi. Wangu anajua makontena.

Kwa sasa tunagombania ukurasa wa mwisho. Yeye anataka binti ashuke uwanja wa ndege, mama yuko pale na maua, watu walie. Mimi nasema ashuke, mama asiwepo, yuko kibaruani, maana nauli ya kumrudisha ilikopwa na inalipwa. Ananiambia nina roho ya jiwe. Nimemwambia aandike lake, Jumamosi tuyasome yote mawili kwa sauti, na safari hii muhogo anunue yeye.