Usiku tuliongoja mavi ya farasi

Watu hudhani kazi ya saisi huku Karen ni kusugua farasi na kupigwa picha. Sasa mimi mwaka jana niliachiwa mmoja aliyekuwa ametupwa huko nyuma ya boma la mtu, zamani eti alikimbia mbio pale Ngong Road, lakini vile alifika alikuwa kitanda cha kamba kimefunikwa blanketi. Daktari wa wanyama wana alama zao za unene, 1 mpaka 9, huyu akapata 1. Nikamwita Mbavu.

Mimi nilitaka kumshindilia mahindi hapo hapo ashibe, daktari akanikaripia, farasi aliyekaa njaa ukimpa nafaka nyingi ghafla mwili unachanganyikiwa, moyo unaweza kusimama siku chache baadaye. Apewe lusani, yale majani ya mifugo, nusu kilo kila masaa manne, usiku pia. Nikawa naamka na alamu kama mama mzazi.

Usiku wa tano nikalala fofofo. Na ndio siku shangazi aliingia kutoka Bungoma na gunia la mahindi mabichi, nikamwachia kitanda nikatandika jikoni. Saa nane nasikia "SHINDWA!" kumbe Mbavu amechoka kungoja, amefungua komeo la banda na midomo (nilikuwa nimemwona akilichezea nikamsifu ati ana akili, mjinga mimi), akakuta mlango shangazi ameuacha wazi akitoka choo, saa hii kichwa na shingo viko ndani ya gunia. Shangazi yuko juu ya kitanda amejifunga leso anakemea mapepo. Mwenyewe anatafuna tu.

Nikapigia daktari natetemeka, amekula kama manne hivi, nimtapishe? Akaguna. "Farasi hatapiki, ikiingia imeingia. Toa chakula chote, mtembeze polepole, weka sikio ubavuni usikie kama tumbo linanguruma, na ungoje anye. Naja."

Basi tukatoka kwa baridi ile ya Julai, mimi mbele na kamba, shangazi nyuma na tochi imemulika mkia. Kila nikiweka sikio nasikia kunguruma, nafurahi, halafu naona ni tumbo langu. Askari wa geti akaja na rungu.

"Mnatafuta nini usiku huu?"

"Mavi," shangazi akamjibu.

Alirudi kwa kibanda chake akajifungia na hatukumwona tena mpaka asubuhi.

Saa kumi na moja hivi Mbavu akainua mkia. Shangazi alipiga vigelegele mbwa wote wa mtaa wakaamka, taa za mdosi zikawaka, na daktari akaingia akatupata tumeinama na tochi tukikagua lile fungu kama watu wameokota dhahabu.

Siku hizi Mbavu amenona hata mbavu zenyewe uzitafute na mkono. Shangazi akinipigia haulizi kama nimekula wala kama nimelipwa.

"Na huyo mwenzako, leo ameenda?"