Kukatwa kaakaa ili kulinda jino la bandia

Skrubu ya titani, yaani kipandikizi kinachokaa badala ya mzizi wa jino, imeshashika kwenye mfupa wa taya, fedha zimeshatoka, kilichobaki ni kufungiwa jino la bandia juu yake. Ndipo daktari anasema: fizi yako hapa ni haba, itabidi tukate kipande kidogo kaakaani tukupandikize. Bili inapanda, na kidonda cha pili kinaongezeka. Mgonjwa akijiuliza kama anatibiwa au anauziwa, asionekane mkorofi. Madaktari wenyewe wamelibishania jambo hili kwa zaidi ya miaka 30.

Simama mbele ya kioo uvute mdomo wa chini. Karibu na meno utaona ukanda wa fizi ngumu usiotikisika. Kwa wengi wetu una weusiweusi. Chini yake ni nyama laini, nyekundu, inayofuata mdomo kila unapouvuta. Jino likishang'olewa mfupa hunywea, na ule ukanda mgumu hupungua nao, hasa nyuma kwenye taya la chini. Kipandikizi kikiwekwa hapo huenda kikazungukwa na nyama inayochezacheza tu.

Wanaotetea upandikizaji wa fizi wanaanzia hapo. Nyama laini huuma inapoguswa na mswaki, na anayeumia hupapasa juujuu au huruka mahali hapo kabisa. Ukoga unajikusanya, fizi inavimba na kutoa damu. Jino la asili lina nyuzi zilizojichomeka kwenye mzizi wake. Kwenye titani nyuzi hupita kando tu, kwa hiyo ulinzi ni dhaifu, na uvimbe ukipenya chini unaanza kula mfupa. Kwa meno ya mbele kuna hoja nyingine: fizi ikiwa nyembamba, kijivu cha chuma huonekana mtu akicheka.

Upande wa pili nao una hoja. Kipimo kinachotajwa sana, milimita 2 za fizi ngumu, kilitokana na utafiti wa mwaka 1972 wa Lang na Löe, watafiti wa magonjwa ya fizi, nao walipima meno ya asili, wala si vipandikizi. Mwaka 1994 mtafiti Wennström na wenzake walionesha kwamba ukosefu wa ukanda huo peke yake hauhatarishi afya ya fizi zinazozunguka kipandikizi. Wataalamu wa Marekani na Ulaya walipokutana Chicago mwaka 2017 walikiri kuwa ushahidi kuhusu afya ya muda mrefu unapingana, ila fizi ngumu inaelekea kumpa mgonjwa nafuu na kurahisisha usafi.

Mimi naona hitimisho hilo la Chicago lina uzito kuliko linavyosikika. Kipimo cha kwanza kiwe mswaki, milimita zifuate. Mtu anayesugua pale bila maumivu, fizi haitoi damu, na picha ya eksirei inaonesha mfupa umetulia, aachwe na afuatiliwe. Anayeshindwa kusugua kwa sababu panauma, huyo kupandikizwa ni tiba kweli, hata kama ni jino la nyuma lisiloonekana na mtu.

Gharama ya mwili nayo isipunguzwe kwa maneno matamu. Mara nyingi wagonjwa hulalamikia kaakaa kuliko mahali palipopandikizwa. Siku za mwanzo ni uji uliopoa na vyakula laini, pilipili kando. Kipande chenyewe husinyaa kiasi kinapopona. Tena kwa watu wenye fizi nyeusi, kipande cha juujuu kutoka kaakaani huweza kubaki kiraka cha waridi. Nyuma hakuna anayejali, mbele ni habari nyingine. Kwa mbele daktari anaweza kuchukua nyama ya ndani tu na kuificha chini ya fizi iliyopo, na rangi haiharibiki sana.

Wapo wanaokwepa kaakaa kwa kutumia utando wa kiwandani wa kolajeni, yaani protini itokanayo na wanyama. Maumivu hupungua kweli, lakini ukanda unaopatikana kwa kawaida ni mdogo kuliko wa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Na nyingi ya tando hizo hutokana na nguruwe. Kwa mgonjwa Mwislamu hilo aambiwe mapema, kabla ya ganzi, siyo alisome kwenye boksi.

Kuna pia kesi ambazo fizi inasingiziwa. Kipandikizi kilichoegemea mno upande wa mdomo kitaendelea kuisukuma fizi irudi nyuma, na kushona kipande juu yake huenda kukaficha kosa kwa muda tu. Mvutaji sigara naye huponya kidonda polepole, na kipande chake kiko hatarini zaidi kufa.

Lawama yangu kubwa ni kwa wakati unaochaguliwa kumwambia mgonjwa. Upana wa fizi hupimwa kwa kifimbo chenye alama za milimita, kazi ya dakika moja, na inaweza kufanywa siku ileile ya kupanga matibabu. Kupandikiza kabla, au siku ya kufunua skrubu iliyokuwa imefunikwa na fizi, kwa kawaida ni rahisi kuliko kuzunguka jino lililokwisha kufungwa. Na bei yote ikitajwa siku hiyo, mgonjwa anaweza hata kuamua kuwekewa daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, au kuvaa jino la kuvua, na kaakaa lake lisiguswe.