Kupanga safu: kasi kwanza, au mpangilio wa awali?

Anayeandika amri ya kupanga safu (orodha ya data) katika maktaba ya msingi ya lugha ya programu hana budi kuamua jambo moja: vipengele viwili vikilingana, vibaki kama vilivyofuatana mwanzo, au vikae popote mradi kazi iishe upesi?

Wanaotaka kasi wana hoja. Quicksort, mbinu ya kupanga aliyoichapisha Tony Hoare mwaka 1961, hupangia ndani ya safu ileile bila kuhitaji safu ya pili, ila haiahidi kutunza mpangilio wa awali. Timsort, mbinu ambayo Tim Peters aliiandikia lugha ya Python mwaka 2002, hutunza mpangilio wa awali lakini huweza kudai kumbukumbu ya ziada inayofikia nusu ya safu. Kwa namba tupu gharama hiyo haina faida, maana 7 na 7 hazitofautiki. Ndiyo maana lugha ya Java hutenganisha: tangu toleo la 7, mwaka 2011, namba hupewa aina ya Quicksort, vitu vingine hupewa Timsort.

Tatizo ni kwamba data nyingi si namba tupu. Barua pepe zilizokwisha kupangwa kwa tarehe, ukizipanga tena kwa jina la mtumaji, unatarajia tarehe zisivurugike chini ya kila jina. V8, injini inayoendesha programu za lugha ya JavaScript ndani ya kivinjari cha Chrome, zamani ilitunza mpangilio huo kwa safu zisizozidi vipengele 10. Zilizozidi zilikwenda Quicksort. Basi programu ilifaulu majaribio yote ya safu fupi, ikaja kuharibika kwa watumiaji. Kwangu hilo ni baya kuliko ucheleweshaji wowote. V8 ilihamia Timsort mwaka 2018, na ECMAScript 2019, kiwango rasmi cha JavaScript, kikafanya kutunza mpangilio kuwa sharti.

Timsort nayo si malaika. Mwaka 2015 watafiti waliojaribu kuthibitisha kihisabati usahihi wake katika Java walikuta kosa linaloweza kuiangusha programu, na kosa hilo lilikuwa limekaa humo miaka kadhaa. Ugumu wa msimbo nao una bei.

Katika lugha ya C++, jina fupi, `sort`, ni la njia isiyoahidi mpangilio. Anayeutaka aandike `stable_sort`. Lugha ya Rust imegeuza: `sort` hutunza mpangilio, mwenye haraka aandike `sort_unstable`. Naona Rust ndiyo iliyopatia, kwa sababu anayehitaji kasi huwa ameshapima, ilhali anayehitaji mpangilio mara nyingi hata hajui kwamba anauhitaji. Ila kwenye vifaa vidogo, ambako programu haiwezi kuomba kumbukumbu zaidi wakati inaendeshwa, hiyo `sort` ya Rust haipatikani kabisa; iliyopo ni `sort_unstable` tu.