Kwenye kayaki, mshipi mnene ni hatari kuliko samaki

Wengi wanaoanza kuvua baharini kwa kayaki hununua mshipi kwa kumwogopa samaki. Wamesikia habari za kolekole anayekimbilia mwambani, basi wanajaza rili uzi wa kusuka wa ratili 65 au 80, wakidhani wamejikinga. Mimi naona wamejiweka hatarini. Kayaki ya kuvulia ina upana wa sentimita 75 hadi 90 hivi, haina ndubi kama ngalawa, na mvuvi ameketi chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele. Ngalawa ikivutwa ubavuni, ndubi inabeba uzito. Kayaki ikivutwa ubavuni inalala. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshipi utahimili samaki wa kilo ngapi, jiulize hivi: ndoana ikikwama kwenye mwamba, na maji ya bamvua yanakusukuma, utaweza kuukata mshipi huo ukiwa umeketi?

Uzi wa ratili 30 (kwenye lebo huandikwa lb) ni sawa na kilo 13.6. Mtu mzima anaukata akifuata njia nitakayoeleza hapo chini. Wa ratili 80 ni zaidi ya kilo 36. Huo ukikwama, umetia nanga bila kupenda, tena nanga iliyofungwa ubavuni.

Pendekezo langu ni moja na silibadilishi kirahisi: uzi wa kusuka wa PE 2 (namba ya unene, nitaieleza hivi punde), ratili 30, mita 200 hadi 250, kwenye rili ya saizi ya 4000. Huu unatosha kwa kolekole, nguru, sehewa, chewa wa kadiri na changu wakubwa wa nje ya mwamba. Ukivua ndani ya mwamba tu, kama wengi wafanyavyo wakati wa kusi bahari ya nje inapochafuka, shuka hadi PE 1 au 1.5. Kwenda juu ya PE 3 kwenye kayaki sioni sababu yake.

Namba ya PE ni kipimo cha Kijapani cha unene, wala haisemi nguvu. PE 1 ina kipenyo cha milimita 0.165 hivi, PE 2 ni 0.235, PE 3 ni 0.285 na PE 4 ni 0.33. Ukiishika hesabu hiyo, hudanganyiki dukani. Kuna nyuzi zimeandikwa milimita 0.20 na ratili 80 kwenye kopo moja. Haiwezekani. Ama unene ni wa uongo, ama nguvu. Mara nyingi uzi kweli una nguvu hiyo au karibu nayo, ila ni mnene maradufu, kwa hiyo rili inameza mita 60 hivi badala ya 250.

Kuupima ni rahisi, na kila uzi mpya ningeupima kabla ya kwenda nao baharini. Chukua mti laini kama mpini wa jembe, uegemeze juu ya viti viwili. Zungusha uzi kwenye mti mara kumi na tano kisha ndipo ufunge, ili uzito ubebwe na mizunguko, fundo lisibebe kitu. Upande wa chini fanya vivyo hivyo kwenye kijiti, na kijiti ukifunge kwa kamba kwenye mkono wa ndoo ya lita 20. Ndoo ining'inie kiganja kimoja tu juu ya ardhi. Sasa mimina maji kwa kikombe, polepole. Lita moja ni kilo moja, ndoo yenyewe ongeza karibu kilo moja. Uzi wa ratili 30 ukikatika kwenye lita 8, umeuziwa jina. Rudia jaribio kwa kufunga ndoana kwa fundo lako la kila siku, bila mizunguko ya mti. Namba ya pili ndiyo nguvu utakayokuwa nayo baharini, na itakuwa ndogo kuliko ya kwanza. Hapo wengi hugundua kwamba tatizo lao ni fundo, uzi hauna kosa.

Kwa nini uzi mwembamba? Mkondo unasukuma uzi kwa kadiri ya unene wake. Kayaki inapeperuka, na ukiwa kwenye pima kumi na tano za maji na chubwi la gramu 100, uzi wa PE 2 unashuka karibu wima. Nailoni ya ratili 30, yenye unene wa zaidi ya milimita 0.5, inafanya tumbo kubwa na chubwi halifiki chini hadi uongeze uzito. Tena uzi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo changu akigusa chambo, unamsikia mkononi. Nailoni hunyumbuka hata robo ya urefu wake kabla ya kukatika, na mguso mdogo unapotelea njiani.

Na kwa nini mita 250 tu? Kwa sababu kayaki inakokotwa. Samaki mzito akikimbia, chombo kinamfuata, naye anachoka kwa kukuvuta wewe. Breki ya rili iweke kilo 3 hadi 4, upime kwa mizani ya kuning'iniza iliyoshikwa kwenye ncha ya mshipi huku fimbo imepinda. Zaidi ya hapo samaki akiwa ubavuni utaegemea upande wake bila kujua.

Kuujaza rili kuna makosa mawili yanayoonekana baadaye sana. Uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye spuli laini (sehemu ya rili inayozungushiwa uzi), unateleza wote kama pete kidoleni. Mvuvi anakaza breki, samaki anaendelea kuchukua, naye anaamini rili imeharibika. Anza na mizunguko kumi ya nailoni, kisha unganisha. Kosa la pili ni kujaza uzi ukiwa umelegea. Samaki wa kwanza mzito anauzamisha kwenye tabaka za chini, unakwama humo, na unakatika papo hapo. Upitishe kwenye kitambaa kilicholowa, mtu mwingine akikibana kwa nguvu, hadi ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni mwa spuli. Ukijaza hadi ukingoni, unaporusha kwenye upepo uzi unatoka mafungu na kujifunga wenyewe.

Sasa lida, yaani kile kipande cha mwisho kati ya uzi wa kusuka na ndoana. Uzi wa kusuka ni imara ukivutwa, lakini ukiguswa na tumbawe huku umekazwa unakatika kama umepitiwa na wembe. Lida ndiyo inayobeba msuguano. Kwa PE 2 tumia ratili 40 hadi 50, unene wa milimita 0.6 hadi 0.7, urefu wa mita 2.

Hapa nitapingana na wauza duka, wanaotaka kila lida iwe ya florokaboni, uzi wa plastiki ulio ghali kuliko nailoni. Florokaboni ni nzuri, ni ngumu zaidi juu, inazama upesi, na inapinda mwanga karibu na maji kuliko nailoni, hivyo haionekani sana. Lakini kwa kurambaza (kuburuta chambo nyuma ya chombo), kwa jigi (chambo bandia cha chuma) na kwa chambo hai, nailoni nzuri ya bei ndogo inafanya kazi ileile, inafungika vizuri zaidi, na unaweza kuibadilisha kila unapoona mkwaruzo bila kuumia mfuko. Florokaboni yako iweke kwa siku za maji mafu, maji kama kioo, changu wanakuja hadi kwenye chambo na kugeuka. Lida ya nailoni iliyobadilishwa leo ni bora kuliko ya florokaboni yenye mikwaruzo ya wiki tatu.

Kwa nguru na mzia ongeza waya mmoja wa unene wa milimita 0.4 hivi, sentimita 20 hadi 30 na si zaidi. Upitishe kwenye tundu la ndoana, uukunje, kisha usokote mara tano au sita miguu yote miwili ikizungukana sawasawa, umalizie kwa mizunguko minne iliyobanana juu ya waya mkuu. Ncha iliyobaki usiikate kwa koleo. Ipinde mbele na nyuma hadi ivunjike yenyewe. Ukiikata, inabaki na mwiba, na kwenye kayaki mwiba huo utakutana na kiganja chako au paja lako.

Fundo la kuunganisha uzi na lida ni la FG, lakini lifungie nyumbani. Uzi wa kusuka uwe umekazwa, lida inapishana nao juu na chini mara ishirini, kisha unafunga vifundo sita vya kukazia. Lilowanishe, uvute hadi uone uzi umebadilika rangi na kung'ata lida. Ndipo ukate mkia wa lida na kuongeza vifundo vinne. Fundo lisilong'ata linateleza likishikwa na mzigo, na ukilitazama baada ya kukatika utakuta mkia wa uzi wa kusuka umejikunjakunja. Baharini, mikono imelowa na chombo kinayumba, funga fundo la uni mara mbili: mizunguko minane upande wa uzi wa kusuka, minne upande wa lida. Ni dhaifu kuliko FG, ila inafungika. Nenda na lida tatu za akiba, kila moja ina ndoana yake, zimezungushwa kwenye kipande cha ndala kuukuu.

Nailoni kama mshipi mkuu bado ina kazi moja ambayo naitetea: fimbo ya pili ya kurambazia. Fimbo iko kwenye kishikio nyuma yako, mikono iko kwenye kafi, na nguru anapiga kwa kasi. Hakuna wa kulegeza. Unyumbufu wa nailoni ya ratili 20 au 25 unabeba kishindo hicho, ndoana haichani mdomo. Ila ukirambaza nailoni na uzi wa kusuka kwa pamoja, usikate kona kali. Nyuzi zikipishana chini ya mzigo, ule wa kusuka unaikata nailoni mara moja.

Samaki akikaribia, jambo linalopoteza samaki wengi ni tumbo la kayaki. Plastiki iliyokwaruzwa na mchanga na mawe ina kingo, na usukani na mapezi ya kukanyagia yana ncha. Samaki akipita chini yako, zamisha ncha ya fimbo majini, hata hadi karibu na rili, uizungushe kupitia omo mpaka upande aliko. Usizunguke kwa tezi, kuna usukani huko. Ile mita 2 ya lida inasaidia hapa: ikigusa plastiki, inayogusa ni nailoni nene.

Na ndoana ikikwama, uzi wa kusuka usiuzungushe mkononi kamwe, hata mzunguko mmoja. Mshipi wa nailoni nene unaovuliwa kwa mkono unakuchubua. Uzi wa kusuka unafika kwenye mfupa. Beba kipande cha mpini wa fagio cha sentimita 15. Geuza kayaki hadi omo ielekee mahali ulipokwama, zungusha uzi kwenye mti huo mara sita, ushike mbele yako sawa na omo, na uvute kwa kujiegemeza nyuma taratibu. Usivute kwa ubavuni. Kisu kiwe kifuani, kwenye jaketi la kuelea, kwa sababu siku utakayokihitaji huenda kiti kikawa chini ya maji. Ukivua chini, chubwi lifunge kwa nailoni nyembamba ya ratili 10 au 12. Kinachokwama mara nyingi ni chubwi, na hapo utapoteza chubwi peke yake. Uzi wa kusuka ukibaki mwambani hauozi upesi, na kasa na ndege ndio wanaonaswa.

Ukirudi ufukweni, mwagia rili maji baridi bila kuyapiga kwa nguvu, yasisukume chumvi ndani. Pitisha mita 3 za mwisho za uzi kati ya kucha mbili. Ukihisi manyoya au mahali pamekuwa bapa, kata na ufunge upya. Nailoni badilisha kila msimu, maana jua la pwani linaichosha. Uzi wa kusuka, baada ya mwaka, ugeuze: ule uliolala chini ya spuli haujaona jua wala samaki, una mwaka mwingine ndani yake.