Kijana Mlevi Hatibiwi kwa Kuchekwa

Juzi, barazani Ngamiani, kijana mmoja alitusomea kutoka kwenye simu yake habari ya watafiti wanaojaribu kuwapunguzia vijana pombe kwa mambo mawili: mazoezi ya kuzingatia pumzi na hali ya mwili, na kifaa kidogo kinachobanwa sikioni ili kupeleka umeme hafifu kwenye mshipa wa fahamu. Baraza zima liliangua kicheko, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema kwamba dawa ya mlevi ni bakora. Kahawa ya Tanga ni chungu, lakini siku ile uchungu haukuwa kikombeni.

Bakora tumeijaribu, mzee wangu. Tumejaribu na kuzomea, na kutenga, na kulitangaza jina la mtoto wa watu mtaa mzima kabla jua halijachwa. Tulichovuna ni vijana wanaokunywa kwa kujificha, na anayejificha hunywa kwa pupa. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, mwezi Machi 2017 nilishangilia, na hata leo naunga mkono, ingawa pombe kali ya chupa ndogo bado inaingia mfukoni vizuri tu, na gongo haikuwahi kuomba leseni ya mtu.

Mshipa uliochekwa siku ile unaitwa vagasi. Hutoka kwenye shina la ubongo, ukashuka shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na tawi lake dogo hufika kwenye ngozi ya sikio, ndiyo maana kifaa kikabanwa huko. Kuusisimua kwa umeme si uganga wa jana: Marekani iliidhinisha kifaa cha kupandikizwa kifuani kwa ajili ya kifafa mwaka 1997, na kwa ajili ya sonona sugu mwaka 2005. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwa upande wa pombe utafiti wa kifaa cha sikioni bado ni mchanga, na kwamba hata kikifaulu, mwendesha bodaboda wa Makorora hatakuwa wa kwanza kukimudu.

Lakini pumzi hainunuliwi. Mtu anapotoa pumzi polepole, vagasi huupunguza mwendo wa moyo wake, bila betri wala waya. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha waraibu kuitazama hamu kama wimbi, ambalo huinuka, hufika kileleni, kisha huvunjika hata kama hukulifuata. Sisi tuliokulia Raskazone, kando ya bahari, tunahitaji maelezo gani zaidi? Kijana aliyejifunza kukaa na hamu hiyo kwa dakika chache, akiisikia kooni, kifuani na viganjani bila kuitii, amepata nafasi ya kuamua, na nafasi hiyo ndiyo ambayo matusi yetu hayajawahi kumpa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika takriban miaka 25. Kumwamuru wa miaka 20 ajizuie bila kumfundisha namna ya kujizuia ni kumdai tusichompa.

Wanaohofia kwamba hii ni ibada ya kigeni watulie: Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi hayo katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 akiwa ameyavua dini, na hakuna anayeombwa aache swala wala misa yake.

Kinachoniudhi zaidi ni upendeleo wetu. Methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, soba hausi, nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha, tunazijua, na mraibu wa heroini polepole tumejifunza kumwita mgonjwa. Wa pombe bado ni mhuni, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba angeweza kufundishwa mazoezi haya, na kocha wa timu ya mtaa vilevile.

Kuna mmoja tu ambaye sitamshauri aanze na pumzi: yule anayeamka na chupa na kutetemeka akiikosa. Akiacha ghafla anaweza kupata mtukutiko wa mwili, kuweweseka, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali ya Bombo leo hii, tena apelekwe na hao hao waliokuwa wakimcheka, kwa kuwa nyumba yake wanaifahamu vizuri.